Salamu za Wanjugu na Simu Iliyopakwa Mafuta

Mama yangu mpendwa,

Najua barua hii utaifungua ng'ombe wakishakamuliwa, ukiwa umekaa jikoni karibu na moto, miwani puani, kwa hivyo nakusalimia hapo hapo ulipo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Bado ukungu unashuka asubuhi mpaka kwenye majani chai, hata mlima usionekane? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku likikupata barabarani unahisi masikio yanaiva, kisha ukiingia ndani ya duka kubwa ninakolinda unakuta baridi ya mashine, baridi kavu isiyo na harufu ya kitu chochote. Mama, nimeikumbuka baridi yetu ya Wamagana, ile ya moshi na nyasi mbichi. Wenzangu wakinisikia nikitamani baridi wananicheka.

Uliniambia kwenye kabambe ya mke wangu Muthoni, ile simu ndogo ya vibonyezo, "Usinijibu kwa simu. Andika nivae miwani nisome pole pole. Maneno ya simu inaingia hapa inatokea hapa." Nimetii. Barua hii anakuletea Mathenge wa Chaka, yule tunayelala naye chumba kimoja, ambaye amepata likizo. Amebeba pia simu mpya, lakini nimemwambia asikukabidhi mpaka umalize kusoma.

Kwanza niseme nilivyoelezwa, usije ukasema nimeamua kesi bila kusikiliza. Muthoni alinisimulia jioni moja akitoka kuuza nguo sokoni. Ati Wanjugu mdogo akitoka shule alikuwa anashika simu yako na kutazama video za watu wanaocheza gemu. Ukachungulia juu ya bega lake ukaona kijana mwenye vidude vya kuziba masikio akipiga nduru peke yake ndani ya nyumba, na kitu cha kijani kisicho na mikono kikimfuata gizani. Ukaenda kwa kina mama wa kanisa. Wakaja, wakaiweka simu juu ya meza, wakaimba, wakaomba, na mwenyekiti wao akaimiminia mafuta ya upako mpaka yakaingia kwenye tundu la chaja. Muthoni alipoipeleka Nyeri, fundi aliigeuza geuza akauliza, "Mama, kwani hii mlikuwa mnakaanga?"

Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka Mathenge akashuka kitandani kuuliza kuna nini. Kisha Jumapili ikafika nikakumbuka kwamba ile ndiyo simu niliyokuwa nikiuonea uso wa mtoto wangu. Kabambe haina uso. Nilimsikia tu akisema "Baba, unanisikia?" na mimi nikisema "Nakusikia, mami," na sauti ikakatika. Wewe unajua kwa nini namwita mami. Ana jina lako, na mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako. Kwa hivyo Jumapili hiyo niliwakosa mama zangu wote wawili kwa mpigo.

Na ukaniwekea sharti. "Hiyo kitu haingii kwa hii nyumba tena mpaka wewe mwenyewe uangalie hizo video, uniambie mbele ya Mungu kama inafaa mtoto. Wewe ndio baba yake." Nilikasirika kidogo, sitakuficha. Nikajiuliza mtu aliye mbali hivi ataamuaje mambo ya sebuleni kwake. Lakini hasira ilipopoa niliona umenipa kazi ya ubaba, na ni muda mrefu sijapewa kazi hiyo. Kutuma pesa ni kazi ya mtu yeyote mwenye mshahara.

Basi nilitazama. Nikitoka zamu navua viatu, najilaza kitandani na simu kifuani kama kijana wa sekondari. Mathenge alikuwa akipita ananiuliza, "Ndiritu, wamekurudisha nasari?" Nilikuwa nimemuuliza mtoto kwenye kabambe anatazama zipi, akanijibu, "Mimi huona za kujenga, Baba. Za yule Fundi Boksi. Hizo zingine hujileta zenyewe." Shika neno hilo, mama, kwamba hujileta zenyewe. Nitalirudia.

Huyo anayejiita Fundi Boksi ndiye kijana wako wa nduru. Ni Mkenya, anaongea Sheng ya Nairobi, na katika gemu yake anajenga nyumba kwa matofali ya mraba, moja juu ya lingine, na anaeleza kila anachofanya. Giza likiingia huko ndani, yale madude ya kijani hutokea mahali pasipo na taa. Ukiweka taa kuzunguka nyumba, hayaji. Kwa hivyo yule shetani uliyemwona, mjukuu wako alikuwa anajifunza kumzuia. Na zile nduru ni za kawaida. Hata wewe ng'ombe wa jirani akiingia kwenye kabichi, majirani mpaka ng'ambo ya mto husikia, na hakuna aliyewahi kuja kukuombea.

Nilipanga nikuandikie hapo hapo kwamba video ni safi. Ilikuwa bado mapema. Nilikuwa nimeiacha simu ikiendelea, na Fundi Boksi alipomaliza, nyingine ikajileta yenyewe. Ilikuwa na picha za rangi rangi, mwanasesere mwenye macho makubwa, kitu ambacho hata mimi ningempa mtoto. Ndani yake huyo mwanasesere ana kisu, na wanaocheza wanashangilia damu na kutukana matusi ambayo sitayaweka kwenye karatasi utakayoishika wewe. Baada ya hiyo ikaja nyingine ya watu kupigwa risasi huku wachezaji wakicheka. Mlangoni ninaposimama nimezoea kuona mtu mwenye sura ya kutisha akipita salama na mwenye tabasamu akikutwa na mzigo wa wizi, lakini hapo nilishtuka. Kina mama wa kanisa walikuwa na haki kuogopa, mama. Kosa lao ni kwamba walimwombea asiye na hatia na mwenye hatia akawapita.

Sasa nikuambie lililofanya barua hii ichelewe.

Unakumbuka kadi zako za salamu za redioni? Mimi nakumbuka. Ulikuwa unazijaza mezani kwa mwandiko mzuri: "Mimi Mama Ndiritu wa Wamagana, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nawasalimia wafuatao." Tulikuwa tukianika betri za redio juani ili jioni zisife kabla jina lako halijasomwa. Na likisomwa, ulitembea kijijini siku mbili kama mke wa chifu. Kumbe wewe cucu wake umemsimulia mjukuu wako mambo hayo.

Fundi Boksi naye ana desturi ya kusoma salamu za watazamaji katikati ya kujenga. Nilikuwa nasikiliza sikio moja tu, nasinzia, nikasikia akisema: "Aya wasee, kuna salamu hapa inatoka Nyeri. Ati, 'Mimi Wanjugu wa Wamagana, nikiwa kwa cucu wangu na kikombe ya chai, namsalimia baba yangu Ndiritu popote alipo. Ujumbe: Baba, nyumba yako iko tayari. Nimeweka taa kila upande, hata ukikuja usiku utaiona.'" Yule kijana wa nduru akaacha kujenga. Kisha akasema, "Uui, huyu mtoto ameniweza. Mzae wa Wanjugu, kama unaskia, rudi home."

Mama, nilisikia.

Nilikaa kitandani nikairudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena. Nyumba yangu mimi, ile ya mawe, wewe unaiona kila asubuhi ukienda kukata nepia ya ng'ombe. Imefika kwenye madirisha ikasimama, na nyasi zimeota sebuleni. Yake, aliyonijengea ndani ya gemu, imekwisha, ina taa, inaningoja. Ndiyo maana alikuwa akishinda kwenye simu yako. Nililia kama mtoto mwenyewe, na Mathenge alipoingia akatoka tena, Mungu ambariki.

Lakini baada ya kulia ndiyo nikatazama chini ya video, mahali watu wanapoandikiana, na ule ulinzi wangu ukarudi. Chini ya salamu za mtoto wetu, mtu asiye na picha wala jina la maana alikuwa amemjibu: "Sasa Wanjugu. Uko shule gani? Nitumie namba tuongee." Kadi yako ilienda redioni, ikasomwa na mtangazaji unayemjua sauti, na waliosikia walikuwa watu wa shamba kama sisi. Hii ya Wanjugu imesomwa na yeyote mwenye simu duniani, na ina jina lake, kijiji chake, na habari kwamba baba hayuko. Nilimshtaki mtu huyo kwa wenye mtandao kwa ile alama yao, na maneno yake yameondolewa. Na ajabu ni kwamba salamu alizituma mapema, na zilipokuwa zinasomwa, simu yako ilikuwa imeshajaa mafuta. Mtoto hakuona swali lile, wala hakujibu. Nimekaa nikifikiria niwacheke kina mama wale au niwashukuru, na nimeamua nitafanya yote mawili.

Huu basi ndio uamuzi wangu, mbele ya Mungu kama ulivyotaka. Video za kujenga zinafaa, aruhusiwe. Zile zinazojileta hazifai, na kwenye simu hii mpya mimi na Mathenge tumezuia, moja ikiisha inanyamaza. Ila usiiamini sana, maana mashine ni kama mbwa wa kununua, hujui siku atakayomfungulia mwizi. Simu ikae jikoni, isiingie chumba cha kulala. Na wewe ukae naye. Mwambie akufundishe, akuonyeshe mahali pa kuweka taa. Najua utasema huna wakati na macho hayaoni vizuri. Kaa hivyo hivyo. Ningekuwa hapo ningekaa mimi, na nakuonea wivu, mama, nakuonea wivu kweli. Jumapili mkitoka kanisani mnipigie, nimuone.

Tafadhali simu hii muiombee kwa maneno tu. Mafuta yabaki kwenye chupa.

Nisalimie Muthoni wangu, umwambie sweta ya buluu ninaivaa ndani ya baridi ya mashine na wenzangu wananitamania. Msalimie mjomba Karanja anayetulishia ng'ombe, na umwambie nepia ya upande wa chini isikatwe yote. Mwenyekiti wa kina mama mpe salamu za heshima na mgawie majani chai niliyofunga kwenye mfuko wa Mathenge, ingawa najua ni kama kumpelekea mtu wa Nyeri ukungu.

La mwisho ni zito, nimeliacha hapa makusudi. Mwambie Wanjugu asitume tena salamu kwa Fundi Boksi wala kwa mtu mwingine yeyote kwenye simu. Mwambie kwa upole. Asidhani amekosea, na asidhani hazikufika. Katika miaka yangu yote huku sijapokea kitu kitamu kama zile salamu, na mimi ndiye ninayezikataza. Usimwambie nililia. Mkalishe tu karibu na moto, vaa miwani, usome sehemu hii kwa sauti, kama redioni:

Mimi Ndiritu, Baba Wanjugu, nikiwa mbali na bila chai ya maana, namsalimia Wanjugu mdogo wa Wamagana, popote alipo kwenye mapaja ya Wanjugu mkubwa. Ujumbe: Mami, nyumba nimeiona. Usizime taa.

Mwanao,
Ndiritu