Mguu Wangu Haukuteleza

Magoma, Jumatano, mwezi wa Julai

Asubuhi nzima milima haikuonekana. Wingu lililala kule juu upande wa Mlola, na huku chini jua halikutoka mpaka saa sita. Niliamka nimechoka. Naandika kwa simu, nimekaa jikoni, na ninaandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua sura.

Leo nimeambiwa kwamba sikuwa na kosa.

Ningependa kusema nilifurahi.

Mimi ni mke wa mkulima. Nilizaliwa Rangwi, nikaolewa huku bondeni. Kwetu milimani trekta halina pa kupita, mashamba yamening'inia. Huku ardhi ni tambarare, na mume wangu, Elia, aliponunua trekta la mtumba tulijiona tumefika. Tulilima ya kwetu na ya majirani. Wakati wa mavuno tukalifunga kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Ile mashine haina injini yake, inazungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta, mafundi wanaiita pitioo.

Aliyetuuzia alitufundisha asubuhi moja tu. "Mkitaka isimame, kanyageni klachi." Basi. Shafti ilikuja tupu, bila kava, nasi hatukujua kwamba huwa ina kava.

Mavuno yaliyopita mashine ilikabwa na magunzi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha trekta. Elia akanipigia kelele, "Kanyaga mpaka chini!" Nikakanyaga. Shafti ilisimama, niliiona kwa macho yangu imesimama. Akainama kuyatoa magunzi. Yalipoachia, shafti ikazunguka, ikaushika mkono wa koti lake.

Yaliyofuata siyaandiki. Mkono wa kulia walimkata hospitalini, juu ya kiwiko.

Watu walisema mguu wangu uliteleza kwenye klachi. Mama mkwe alilisema jambo hilo mbele ya kila aliyekuja kutujulia hali, wala hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha. Nami nikaamini. Ukiambiwa jambo mara nyingi na watu unaowaheshimu, mwisho unalikumbuka hata kama halikutokea. Niliukumbuka mguu ukiteleza. Nilikumbuka hata makapi ya mahindi chini ya ndala.

Elia alipopata nguvu ya kwenda kanisani, alisimama mbele ya usharika akasema, "Nimemsamehe mke wangu." Akina mama walilia. Mimi pia nililia, nikamshukuru Mungu kwa mume niliyepewa.

Sasa mavuno mengine yamefika, na Elia akatafuta fundi kutoka Korogwe alikague trekta kabla halijarudi kazini. Amekuja leo, Fundi Saidi, mtu mzima, mpole, hana maneno mengi. Alizunguka trekta, akaitazama ile shafti, akauliza siku ile nani alikuwa kwenye kiti.

"Ni mimi," nikasema.

"Panda, mama."

Tangu siku ile sikuwa nimelipanda tena. Elia alikuwa barazani, ameangalia pembeni. Nikapanda. Mashine ya kupukuchulia ilikuwa imefunguliwa, imewekwa mbali. Fundi alipaka alama ya rangi nyeupe kwenye kipande kinachotokeza nyuma ya trekta, pale shafti inapofungwa, akarudi nyuma hatua nyingi, akaniambia niwashe, niingize pitioo, kisha nikanyage klachi.

Nikakanyaga mpaka pedeli ikagonga bati. Nikageuka kutazama nyuma.

Ile alama nyeupe ilikuwa inazunguka. Polepole, lakini inazunguka.

"Umefika mwisho?"

"Nimefika mwisho, fundi."

"Usiuachie mguu." Akaja kwa mbele, akachungulia pedeli, akatikisa kichwa. "Zima."

Akanieleza pale pale, nikiwa bado kwenye kiti. Klachi ya trekta kama hili ina kazi mbili kwenye pedeli moja. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanaachia. Ukimalizia mpaka chini, ndipo pitioo nayo inaachia. Ya kwetu imelika na haijarekebishwa miaka mingi, kwa hiyo pedeli inagonga chini kabla ya kuimaliza kazi ya pili. Barabarani tukikanyaga linasimama vizuri, nasi tukaamini klachi ni nzima. Kumbe nyuma shafti bado inavutwa, si kwa nguvu zote, lakini inavutwa. Siku ile magunzi ndiyo yaliyoizuia. Tuliona imesimama kwa sababu ilikuwa imekabwa. Elia alipoyatoa, aliifungulia njia.

"Hata angekaa nani pale, ingekuwa vilevile," fundi akasema. "Hata ningekaa mimi."

Wewe unayesoma na una trekta la mtumba, chukua hili walau. Klachi usiikabidhi mkono wako. Toa pitioo kwa wenzo wake, zima injini, ufunguo utie mfukoni, ungoje shafti itulie kabisa, ndipo usogee. Na kava liwepo. Usivae chochote kinachoning'inia. Ni maneno machache tu. Yangetosha.

Fundi alisema kuitengeneza ni lazima trekta litenganishwe katikati, na vifaa vyake ni vya kutafuta. Kwa sasa livute tela na lilime, lakini lisifungwe mashine yoyote ya kuzungushwa na shafti. Maana yake hatupukuchui msimu huu. Aliagana nasi, akaondoka.

Nilimpelekea Elia chakula barazani. Anakula kwa mkono wa kushoto sasa, na wageni wakiwepo hali kabisa. Nikakaa karibu naye.

"Baba Neema, umesikia alivyosema fundi?"

"Nimesikia."

Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Pengine pole tu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyelinunua. Mimi ndiye niliyeingiza mkono."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Lakini lazima awepo mtu wa kulaumiwa."

Nilimwambia aliyetuuzia ndiye aliyetuficha, au pengine naye hakujua. Alikuwa anatazama mkono uliobaki kana kwamba nao umemkosea. Nikaelewa kitu ambacho bora nisingekielewa. Mwaka mzima kilichomsimamisha mume wangu ni kule kunisamehe. Watu walimheshimu kwa hilo. Akiwa mtu wa mkono mmoja, asiyeweza kufunga vifungo vyake mwenyewe, alikuwa bado na kitu cha kunipa mimi. Leo fundi amekichukua.

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Mama yangu usimwambie."

Nilikusanya vyombo, nikarudi jikoni.

Jioni mama mkwe akaja, kama anavyokuja kila jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaketi. Akauliza fundi kasemaje.

"Amesema klachi ni mbovu."

"Imeharibika lini?"

Elia aliinuka akaingia ndani. Alipita karibu sana nami, nikahisi upande wake usio na mkono ukinigusa begani. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, limekamilika, jibu nililolisubiri mwaka mzima bila kujua nalisubiri.

"Sijui, mama," nikasema. "Ni trekta la zamani."

Mama mkwe akapumua, akanishika goti. Akaniambia kwa Kishambaa, kwa upole kabisa, kwamba nimshukuru Mungu kila siku, kwa kuwa wanaume wengine wangekwisha kunirudisha kwetu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Elia alikuwa ndani. Nyumba yetu ni ndogo, alisikia kila neno.

Ameshalala sasa, au amejilaza tu. Nimeosha vyombo. Najua kilichotokea siku ile, najua kila kipande cha chuma kilivyofanya kazi, na hakuna hata mmoja wa kumwambia. Kesho mama mkwe atakuja tena. Je, nitaweza kumwambia?

Sidhani.