Kipa Niliyemtangaza Bila Kumwona

Jumamosi, Julai 1998

Sijala. Mke wangu amechoka kuniuliza kwa nini.

Leo uwanjani Njombe ukungu ulishuka kipindi cha pili, hata goli la karibu sikuliona. Lakini bosi wa redio alishanionya: "Mzee, ukinyamaza tu, watu wanahamia kituo kingine." Siku hizi vituo ni vingi. Basi nikatangaza nisichokiona. Nikasema kipa wetu Sanga anaruka, anadaka, anashangiliwa.

Filimbi ya mwisho ilipolia ndipo nilipoambiwa Sanga aligongwa kichwani tangu ukungu uliposhuka tu, wakampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali Ilembula.

Niliporudi Makambako nikamkuta mama yake mlangoni kwangu, ameshika kuku. "Baba, ubarikiwe! Nimemsikia mwanangu akidaka mpaka mwisho."

"Mama, sikumwona. Nilitunga."

Akacheka, akidhani namtania. Ikabidi nimweleze habari za hospitali.

"Sasa wakati unamsifu, mwanangu alikuwa wapi?"

 Mama ameshaenda Ilembula, na kama kijana amezinduka mimi sijui.

Kila mara kabla ya kushika maikrofoni namwomba Mungu anipe maneno. Leo pia niliomba. Yale maneno hakunipa Yeye.