Mpira Niliofungia Mpini

Mama watoto,

Mtu asiwashe mashine ya kupasua kuni. Bomba la mafuta linavuja, nimeenda kutafuta jingine. Msilipapase kutafuta tundu. Mafuta yale husukumwa kwa shinikizo kubwa, yakichuruzika kwenye tundu hupenya ngozi. Bandeji yako ibadilishe saa sita.

~~Siku nyingine uwe makini.~~

Hapana. Asubuhi nilikufokea mbele ya watoto kuwa umezubaa. Mpini wa mashine ukiuachia, kabari inayopasua kuni husimama. Leo haikusimama, ikakubana kidole, kwa sababu mimi niliufunga kwa mpira ili kazi iende haraka. Ulipopiga kelele niliufungua mpira, nikautia mfukoni, ndipo nikakugeuzia kibao.

Mpira uko chini ya karatasi hii. Waonyeshe watoto. Nikirudi nikute wanajua.

Baba yao