Si Kenge, Kaka, ni Nduguye Chura

Kaka yangu Bwire,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Mugango ukiwa na nguvu, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, ila uzee umeanza kunipata, ndiyo maana utaona herufi zinayumba. Huku baridi inaondoka na barafu imeyeyuka kwenye madimbwi.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umeandika: "Mafuru, wewe si ndiye tulikuwaga tunakuita mwalimu kabla hujaota ndevu? Leo unamtia babu kwenye gongo, unamfunga na kifuniko, halafu unanieleza kwa furaha! Mkono unaoshika kenge hautagusa kaburi la mama. Usitie mguu hapa nyumbani."

Kaka, kosa ni langu, na ni kosa la neno moja. Nilikuwa nakueleza kazi yangu katika jumba la makumbusho, ya kutunza wanyama waliohifadhiwa kwenye chupa za spiriti na kuandika upya lebo zao zinapofifia. Nikafika kwa mnyama mmoja ambaye kwetu hayupo, wala hatuna jina lake. Waingereza humwita nyuti. Nilitaka umwone kama ninavyomwona, basi nikaandika "kenge mdogo wa majini". Nilisahau ninamwandikia nani. Ukikaa ugenini miaka thelathini, unaweza kuusahau mwiko wa ukoo wako, kwamba kenge ni babu asiyeguswa, kwa muda wa sentensi moja.

Lakini sikuusahau kabisa. Unakumbuka tulipokuwa tukienda Butiama kwa shangazi, mama na kapu la dagaa kichwani? Kenge akatoka kwenye matete, akasimama katikati ya njia akitoa ulimi. Ukaokota jiwe. Mama akakuchapa kofi la mgongo bila kutua kapu. "Mpishe babu yako, wee! Yeye hana haraka, wewe ya kwako inatoka wapi?" Tukasimama juani mpaka babu aliporidhika. Shangazi alipouliza mbona tumechelewa, mama akajibu, "Tulikutana na mzee wa ukoo, tukamwamkia." Huwa nacheka peke yangu nikikumbuka, watu wa ofisini wananitazama.

Sasa nisikilize, maana nimemkagua mnyama huyu kwa macho yangu. Kenge ana magamba. Nyuti hana hata moja, ngozi yake ni laini na yenye unyevu. Kenge ana kucha, na mgongo wako unazijua tangu ulipotaka kumtoa yule aliyeingia kwenye banda la kuku. Nyuti hana kucha. Kenge hutaga mayai yenye ganda, huyafukia nchi kavu. Nyuti hutaga majini, yai moja moja, akilikunjia jani kama mtu anayefunga chumvi kwenye karatasi. Mtoto wake huanza maisha kama kiluwiluwi, anapumua kwa matamvua yanayoning'inia nje ya shingo. Umbo ni la mjusi, lakini damu ni ya chura. Na kwetu chura hana mwiko. Tulikuwaga tunawarusha ndani ya ndoo ya dada Nyangeta ili apige kelele.

Kuna jambo ningeweza kukuficha, ila sitaki kuja nyumbani kwa hila. Msomi wa kwanza aliyempa mnyama huyu jina la kitaalamu alimwandika *Lacerta*, na kwa Kilatini hilo ni mjusi. Alitazama mkia na miguu minne, kama nilivyotazama mimi. Waliokuja baadaye walichunguza ngozi, mifupa na makuzi yake, wakamtoa kwa mijusi na kumpeleka kwa jamaa zake vyura. Leo lebo yake imeandikwa *Triturus*. Nimeiandika mwenyewe mara nyingi, na kila mara huona ajabu kwamba mnyama mwenyewe hakubadilika hata kidole.

Nami nilidhani nitazeeka bila kurudi. Mama alipofariki ilikuwa miaka ile ya foleni za madukani, mkamzika kwa sanda ya kuazima, na saruji haipatikani bila kibali. Sikuja. Kaburi likabaki udongo, mvua ikilipunguza kila mwaka. Sasa Nyangeta ameniandikia kutoka Nyasura kwamba saruji imejaa madukani Musoma, mtu anachagua mfuko apendao. Nimeomba likizo ya miezi miwili. Nataka tulijengee kaburi mimi na wewe, wewe ukipima, mimi nikikoroga, kama tulivyojenga lile banda la kuku lililopinda. Pengine sitapata nafasi nyingine.

Lakini mkubwa wa ukoo ni wewe. Ukisema bado ni kenge, nitafikia kwa Nyangeta, nitakuja hadi kwenye ua wa minyaa unaozunguka nyumba yetu, nitamwamkia mama kutoka nje. Sitabishana na wewe mlangoni pake.

Nisalimie shemeji, mkeo, mwambie bado nautamani ugali wake wa muhogo. Msalimie shangazi wa Butiama, kama bado anamkumbuka mtu wa kuchelewa. Wajukuu uwaambie babu yao wa mbali anawajua kwa majina.

Usijisumbue kuandika barua ndefu, macho yako nayajua. Niandikie neno moja tu, chura au kenge. La kwanza nilikosea mimi. Hili nakuachia wewe.

Mdogo wako aliye nje ya ua,
Mafuru