Nimepanda Ngamia Lamu

Abaayo Hodan, dada yangu,

Huko Galbet mnaendeleaje na hilo joto? Mimi huku Lamu ni mtu mkubwa! Wakati wa korona kisiwa kilikuwa kimya, baadaye wageni wakarudi mmoja mmoja, na mwaka huu wamejaa mpaka vitanda havitoshi. Ndiyo maana mwenye hoteli akanunua ngamia wa kuwatembeza ufukweni, na mchungaji wake ni mimi.

Jana akaniambia, "Wageni wanaogopa. Panda wakuone, la sivyo ngamia namuuza na wewe unarudi kwenu."

Wallahi, sikuwa nimewahi kupanda ngamia! Wajua kwetu ngamia hubeba nyumba na maji, na mtu hupandishwa akiwa mgonjwa tu. Lakini nilikuwa nimewaringia watu wote hotelini kwamba nilizaliwa mgongoni mwa ngamia. Basi nikapanda. Aliposimama nilipiga mayowe mpaka punda wote wa ufukweni wakatimka. Wageni wakacheka, wakapiga makofi, halafu wakapanga foleni! Kazi ninayo, abaayo.

Ayeyo akisikia mjukuu wake alipanda ngamia akiwa mzima wa afya, mwambie siku hiyo nilikuwa na homa kali sana. Nawapenda nyote, hata wewe unayeogopa mbuzi.

Kaka yako mtanashati,
Abdi