Anachagua chenso kwa mngurumo

Eti "hiyo ndogo ni ya kupogolea maua"! Shemeji yako huyo, shoga, mbele ya muuza duka!

Kuni nakata mimi. Mgongo unaouma ni wangu. Yeye hajawahi kukata hata kijiti, lakini chenso, msumeno wa mashine, anaichagua kwa mngurumo, kama ananunua pikipiki!

Nikamwambia, "Baba watoto, ile kubwa ya jirani ilinichosha mikono mpaka ikanikosa goti chupuchupu. Nataka nyepesi."

"Mke wangu, mashine ni uzito."

MASHINE NI UZITO! Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, ndiyo yeye huyo.

Nikamwambia haya, ishike hiyo kubwa yako, usiiwashe, inyanyue tu mpaka nimalize kuongea na muuzaji. Shoga, sijafika swali la pili, mikono inamtetemeka kama mwenye homa! Akaitua chini. Eti mpini una mafuta. Mafuta! Mashine imetoka kwenye boksi sasa hivi!

Muuzaji akaangalia dari.

Nikalipia ndogo. Nimefika tu nyumbani, nimelimaliza lile gogo la uani, na mikono mizima. Yeye nimempa kazi ya kupanga kuni.

Anabeba ukuni mmoja mmoja.