Mwingereza Aliyekiacha Kina cha Mjomba

Fairuz, hutaamini. Mjomba Zayd kampiga mtu! Kwenye baraza letu la ushairi, pale pale mkahawani, mtaa wa Karama!

Aliingia Mwingereza tusiyemjua, akaomba kusoma shairi lake. Nikamwambia, "Karibu, utasoma mpaka mwisho. Nakuahidi."

Mjomba ndiyo kwanza alikuwa amemaliza lake. Unajua desturi yetu, anayefuata hushika kina cha aliyemtangulia, ndiyo heshima. Yule maskini hakujua. Akasema kwa furaha, "Sisi washairi wa Uingereza tulifunguliwa na Wamarekani. Walitufundisha kuviacha vina, tuseme kama watu wanavyosema." Akaanza kusoma, bila kina hata kimoja.

"Unanidharau mbele ya watu wangu?" Mjomba akamkaba shingo. Akamkaba, Fairuz! Kisha ngumi ya mdomo, gilasi zikavunjika, damu ikarukia karatasi.

Nikaingia kati, nikala kofi la kuziba masikio. Nikapiga kelele, "Mjomba, hakukutukana! Wenzetu Waingereza wamejifunza kwa wageni, sisi hata kusikiliza tunashindwa?"

Mjomba akanigeukia, "Shairi hilo likimalizika, usirudi nyumbani kwangu. Khalas, imekwisha."

Na unajua sina kwingine hapa Dubai.

Mwingereza alijaribu kuendelea, mdomo ukakataa. Nami nilikuwa nimemwahidi.

Nikaichukua ile karatasi yenye damu. Mjomba kasimama mlangoni, ananitazama. Nikasoma kwa sauti, polepole, mpaka mstari wa mwisho.